Kabla Hujapanua Matairi

Ukisimama jioni kando ya barabara ya Nyali siku hizi, hukosi kuyaona magari madogo yaliyovishwa matairi mapana. Mengine matairi yametokeza nje ya bodi kwa upana wa vidole viwili. Mengine magurudumu yamelazwa, juu yakaingia ndani na chini yakatoka nje, ili yapate pa kukaa. Siwalaumu vijana kwa kuyapenda. Gari lililokaa sawasawa juu ya magurudumu yake linapendeza, nami nimelipenda jambo hilo tangu utotoni. Kinachoniuma ni namna kazi yenyewe inavyofanywa. Rimu zinachaguliwa kwa picha ya simu, zinalipiwa, zinafungwa, ndipo watu wanapoanza kusikiliza zinagusa wapi. Juzi nimemwona fundi akiukunja ukingo wa madigadi kwa nyundo ili tairi lipate kupita, na mwenye gari amesimama pembeni akitabasamu.

Ndiyo maana nimeona niandike habari za miaka yangu katika gereji moja kusini mwa Uingereza. Kila nilichokuja kukijua juu ya upana wa tairi nilikipata huko, na nilikipata kwenye magari ambayo wengi wetu hatuna habari nayo: nakala za magari ya michezo ya zamani.

Nilifika huko mwishoni mwa miaka ya 1990. Nilipokelewa kazini kwa sababu moja tu, kwamba niliijua Volkswagen ya injini ya nyuma. Kwetu Mombasa nilikuwa nimeshazifungua nyingi, za walimu, za makarani, za mapadri. Gereji ile ilikuwa ikitengeneza nakala za Porsche Speedster, na chini ya kila nakala palikuwa na Volkswagen Beetle.

Speedster halisi ilitoka mwaka 1954. Max Hoffman, mfanyabiashara aliyekuwa akiingiza magari ya Ulaya mjini New York, aliitaka kampuni ya Porsche itengeneze gari la wazi, jepesi, lisilo na mapambo mengi, ambalo Wamarekani wangeweza kulinunua kwa chini ya dola 3,000. Yaliyobaki leo ni ya matajiri. Asiye tajiri hununua bodi ya faibaglasi iliyoigwa umbo lile, akaiweka juu ya sakafu ya Beetle. Sakafu hiyo hukatwa ikafupishwa, kwa sababu kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma Beetle ina milimita 2,400, na Speedster ilikuwa na 2,100. Hakuna dhuluma katika ndoa hiyo. Porsche za kwanza kabisa, zilizoundwa Austria mwaka 1948, zilitumia vipuri vya Volkswagen, gari lililobuniwa na Ferdinand Porsche mwenyewe.

Tatizo lilikuwa nyuma. Beetle za miaka ya baadaye zilipanuliwa ekseli, na bodi ya Speedster imejikunja ndani kuelekea mkiani. Kwa hiyo hata kwa rimu ya kawaida ya Beetle, yenye upana wa inchi 4.5, tairi la nyuma tayari linakaa karibu na ukingo wa madigadi. Na karibu kila mteja aliyeingia mlangoni alitaka tairi pana nyuma.

Mmoja wao, mwalimu mstaafu, alikuja na rimu zake amekwisha kuzinunua: inchi 7 kwa upana, na matairi ya 205/60 ya kipenyo cha inchi 15. Mzee mwenye gereji hakumkatalia wala hakumbishia. Alichukua karatasi akaanza kuhesabu naye. Rimu ya inchi 7 imeizidi ile ya 4.5 kwa inchi 2.5, yaani milimita 63 na nusu. Ikiwa namba ya ET iliyopigwa chapa kwenye rimu zote mbili ni ileile, ziada hiyo hugawanyika: karibu milimita 32 zinaingia ndani, na 32 zinatoka nje. Namba hiyo ya ET ni umbali wa milimita kutoka uso wa rimu unaobana kwenye haba hadi mstari wa katikati ya upana wake. Ikiongezeka, gurudumu linaingia ndani. Ikipungua, linatoka nje. Basi tukapima. Nafasi ya nje haikufika milimita 20. Ndani kulikuwa na shokapu na ule ubapa wa chuma unaoishika ekseli.

Kisha akaniambia nifanye jambo ambalo sikuwahi kuliona katika gereji yoyote ya kwetu. Nipakie mifuko ya mchanga kwenye viti vyote viwili, uzito wa watu wawili wazima. Nibandike vipande vya udongo wa kuchezea watoto chini ya madigadi na kwenye kila chuma kilicho karibu na tairi. Halafu nilisukume gari polepole lipande vibao vya unene mbalimbali, na magurudumu ya mbele niyakate hadi mwisho, kulia na kushoto. Tulipoinua gari na kuutazama ule udongo, kila mahali palipopungua nafasi palikuwa pameandikwa wazi, bila kubahatisha. Hata kwa matairi ya zamani, mahali pamoja ulibaki unene wa penseli.

Nimeukumbuka udongo ule mara nyingi kuliko kitu kingine chochote cha gereji ile. Mtu huangalia gari likiwa limesimama sakafuni, tupu, akapitisha kidole kati ya tairi na madigadi, kidole kikipita akasema patatosha. Lakini nafasi ya kuhesabu ni ile inayobaki gari likiwa limebeba familia, limeingia shimoni, na usukani umekatwa. Kama kipimo hicho kilikuwa lazima kwenye barabara laini za Uingereza, sijui fundi wa Mombasa anayekiruka anategemea nini.

Mwalimu yule aliziuza rimu zake. Tulimfungia za inchi 5.5 na matairi ya 185/65. Inchi moja ya ziada ni milimita 12.7 kila upande, na nafasi ikatosha.

Wapo wateja ambao hawakukubali. Mmoja aliyafungia matairi mapana mahali pengine, kwa ET iliyoyaficha ndani kabisa ya madigadi, na kwa kweli gari lilipendeza. Siku moja ya mvua alipiga simu: amepata pancha ya nyuma na hawezi kuondoka. Tulikwenda na pikapu. Tairi lenye pancha lilikuwa limetoka bila shida, kwa kuwa lilikuwa halina upepo na lilijikunja. La spea ndilo lililogoma. Likiwa limejaa upepo lilikuwa nene kuliko uwazi uliobaki kati ya haba na ukingo wa madigadi. Ilibidi tulitoe upepo wote, tulisukumize ndani likiwa limelegea, tufunge boliti, ndipo tulijaze kwa pampu tuliyokuwa nayo kwenye pikapu. Mwenye gari hakuwa na pampu, na nani hutembea nayo? Mkewe alikuwa amekaa garini muda wote huo, turubai la paa likivuja begani mwake.

Tangu siku hiyo, swali la kwanza ninalomuuliza mtu anayetaka kupanua matairi si bei wala muundo. Ninamuuliza: likipata pancha usiku barabarani, wewe peke yako na jeki yako, utalitoa na kulirudisha? Gari ambalo mwenyewe hawezi kulibadilishia gurudumu limeondolewa kitu cha maana sana, hata kama limepambwa.

Lakini nafasi ndiyo sehemu nyepesi ya habari hii. Sehemu nzito niliipata kwenye uwanja wa zamani wa ndege ambako gereji ilikuwa ikijaribu magari yake.

Beetle nyingi zilizouzwa Uingereza zilikuwa na ekseli za kubembea. Kila ekseli ina kiungo kimoja tu, pale inapotokea kwenye giaboksi, na gurudumu limefungwa moja kwa moja mwishoni mwake. Gurudumu likipanda au kushuka, halibaki wima. Linafuata tao, na mlalo wake hubadilika. Gari likikata kona kwa kasi, uzito wote hulalia gurudumu la nje. Tairi likishika lami sawasawa, nguvu ile ya kushika huisukuma ekseli kuelekea chini ya gari, mkia wa gari huinuka, na gurudumu hujikunja kwa ndani. Hapo gari hugeuka ghafla kuliko dereva alivyotaka, na mara nyingine hupinduka. Wamarekani waliyajua haya kupitia Chevrolet Corvair, gari la injini ya nyuma ambalo Ralph Nader alilifungulia kitabu chake cha mwaka 1965 kuhusu magari ya hatari.

Sasa weka tairi pana linalonata juu ya mpangilio huo. Tairi jembamba lingeteleza mapema, dereva akapata onyo, akapunguza. Tairi pana halitelezi. Linashika, linazidi kushika, na nguvu yote hiyo inakwenda kuinua mkia. Mzee aliniendesha kwenye magari mawili yanayofanana kila kitu isipokuwa matairi ya nyuma. Lile la matairi membamba lilianza kupiga kelele mapema na kusogea pembeni kwa upole, ungeweza hata kulizungumzia huku likisogea. Lile la matairi mapana lilikwenda kimya, imara, mtu angeapa ni zuri zaidi, mpaka mahali fulani ambapo mkia uliruka mara moja. Alilizuia kwa sababu uwanja ulikuwa mtupu na alikuwa amelitarajia. Alizima injini akaniambia, “Kijana, lile jingine linakwambia kabla. Hili linakwambia baada.”

Tuliporudi tulilishusha kidogo lile gari la matairi mapana na kulifungia chuma cha kuzuia ekseli zisijikunje. Huo ndio uliokuwa utaratibu pale: hakuna aliyepanuliwa matairi ya nyuma bila chuma hicho kuandikwa kwenye kazi ileile.

Mvua ilileta somo lake. Wengi wanaamini tairi pana linagusa barabara kwa eneo kubwa zaidi. Kwa uzito uleule na upepo uleule, eneo linalogusa halibadiliki sana. Linalobadilika ni umbo lake: kutoka refu na jembamba, linakuwa fupi na pana. Kwenye lami kavu, umbo hilo linasaidia konani. Kwenye maji, tairi linatakiwa kusukuma pembeni maji mengi zaidi, na gari la kilo 800 halina uzito wa kulikandamiza. Linaelea upesi. Wakati huo usukani unakuwa mwepesi mikononi, na breki hazina kazi.

Hapo ndipo nilipokumbuka hadithi za Safari Rally tulizosimuliwa na wazee wetu. Volkswagen zilishinda mashindano yale mwaka 1954 na tena mwaka 1962, wakati njia ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, nyingi yake udongo mtupu. Zilikuwa na matairi membamba, na matope ya masika yalipokuwa yamewakwamisha wenye magari makubwa, tairi jembamba lilikata likafika kwenye ardhi ngumu chini. Tulizoea kusikia sifa za injini na za madereva. Nikiwa Uingereza ndipo nilipoelewa kwamba wembamba ule nao ulichaguliwa na mtu aliyejua anachokifanya.

Na upepo! Kitabu cha Beetle kinataka paundi 18 mbele na 27 nyuma kwa matairi ya radiali. Gereji nyingi za kwetu hujaza paundi 32 au 35 kote, gari lolote lile. Tairi pana lililojazwa hivyo chini ya gari jepesi linasimama kwa katikati tu. Mwenye gari amelipia upana asioutumia, na anatikiswa bure.

Nisije nikaeleweka kwamba upana ni ubaya. Katika gereji ileile zilikuja pia nakala za Cobra, na hizo zilinionyesha upana unavyostahili kuingia. Mwaka 1962 Carroll Shelby wa Texas alichukua bodi na chasisi kutoka AC Cars ya Thames Ditton, gari jepesi la Kiingereza, akaliwekea injini ya Ford V8. Miaka michache baadaye, ilipoamuliwa kuingiza injini kubwa ya inchi 427 za ujazo, hawakuanza na matairi. Walianza na chasisi. Mabomba yake makuu yalitoka inchi 3 yakawa inchi 4. Springi za bapa ziliondolewa, zikaja za mzunguko. Ndipo magurudumu yakapanuka, na bodi ikavimbishwa kwa sababu ilibidi yafunikwe. Yale madigadi yaliyotuna ambayo kila mwenye nakala anayapenda hayakuletwa na urembo. Yalikuja mwisho wa kazi ndefu, na urembo ukapatikana humo. Mteja wetu wa Cobra alikuwa na matairi mapana kuliko yote tuliyoyafunga pale, na gari lake lilikuwa tulivu, kwa kuwa kila kilichokuwa chini yake kilipangwa kwa upana huo.

Mwaka huu mpwa wangu alinitumia picha ya rimu anazozitaka kwa Subaru Impreza yake. “Mjomba, hizi si zitakaa tu?” Nilimwomba kwanza anisomee namba. Zake za sasa ni inchi 6.5, ET 48. Anazozitaka ni inchi 8.5, ET 30. Nilimfanyia hesabu kwa simu. Inchi mbili za ziada zinatoa milimita 25 nje. Tofauti ya ET inatoa 18 nyingine. Uso wa nje wa gurudumu utahama milimita 43. Tairi lake la sasa, 205/55 la inchi 16, lina kipenyo cha milimita 632 hivi. Analolitaka, 245/40 la inchi 18, lina 653. Kwa hiyo kipimamwendo kitamdanganya: kikisema 100, atakuwa anakwenda zaidi ya 103. Haba ya Impreza yake ina boliti tano kwenye duara la milimita 100, na rimu za kwenye picha zilitengenezwa kwa duara la 114.3, kama la Toyota nyingi. Muuzaji alikuwa amemwahidi kipande cha kuunganisha. Kipande hicho kingelisukuma gurudumu nje zaidi, na beringi ndiyo ingebeba.

Alinyamaza, kisha akaniuliza swali zuri: “Sasa mjomba, nikitaka lipendeze na lisiharibike, niweke nini?” Nilimwambia inchi 17, upana wa 7, ET 48, tairi la 215/45. Anazitafuta hizo, na mpaka sasa amezikosa kwenye maduka matatu, kwa sababu wauzaji wanaleta zinazotokeza nje.

Lipo jambo la mwisho, na ninaliweka hapa kwa sababu ndilo linaloua kimyakimya. Kiti cha boliti. Volkswagen na Porsche hutumia boliti zenye bega la mviringo kama nusu ya mpira. Rimu nyingi za dukani zimechongwa kwa bega la mchongoko. Ukizichanganya, boliti inakaza mkononi, spana inasema imekaza, lakini vinavyogusana ni mstari mwembamba tu wa chuma. Baada ya safari chache imelegea. Ililetwa kwetu nakala moja ikitetemeka usukani, wenyewe wamebadilisha boljointi na kufanya alaimenti mara mbili. Boliti zote nne za gurudumu la kushoto zilikuwa za mchongoko ndani ya matundu ya mviringo, na mbili zilifunguka kwa vidole. Boliti sahihi zingegharimu fedha kidogo sana kuliko zile boljointi.

Ama matairi yanayotokeza nje, kule Uingereza nakala iliyoundwa nyumbani haipewi namba ya barabarani mpaka ikaguliwe, na mkaguzi hutazama kwamba tairi limefunikwa na bodi au madigadi. Jiwe linalorushwa na tairi lililo wazi humpata anayetembea kwa miguu.

Basi ombi langu ni kwa mafundi wenzangu wa Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko. Mteja akileta rimu, kabla ya kugusa spana mwandikieni kwenye risiti mambo manne: upana, ET, duara la boliti na aina ya bega lake. Andikeni ya zamani upande mmoja na mapya upande wa pili. Lisukumeni gari likiwa limebebeshwa uzito, na udongo chini ya madigadi. Na wewe unayelipa, usitoe fedha mpaka risiti hiyo iwe mkononi mwako.